Kanga Usoni mwa Rubani

Kanga ya mama iliyomfunika rubani usoni ilipanda na kushuka, na mimi niliiona.

Ndege yake ndogo ilipita juu ya kijiji chetu cha Msimbati ikikohoa, kisha injini ikanyamaza, tukasikia minazi ikivunjika. Tuliacha muhogo tuliokuwa tukianika, tukakimbia. Palinuka petroli na majani mabichi. Wanaume walimlaza rubani wakamwelekeza kibla, kama mtu wa kwetu. Mjomba alimgusa kifua.

"Amekwisha. Dada, tupe kanga."

Mama akamfunika.

"Mama, anapumua," nilisema.

"Upepo huo, mwanangu. Maiti hatazamwi hivyo."

Nilimwamini. Nilidhani pia kwamba maiti hupumua kidogo mpaka asomewe dua. Tukarudi kuanua muhogo. Gari la serikali lilifika jioni, likamchukua pamoja na kanga, na hakuna aliyerudi kutuambia neno.

Juzi mjukuu wangu alilala barazani, kanga usoni. Ilipanda na kushuka vilevile, na nje hapakuwa na jani lililotikisika. Nimejaribu kukumbuka kama mchana ule kulikuwa na upepo. Sikumbuki.