Siku Pikipiki Yangu Ilipokimbia Bila Kusonga

Nimewahi kuendesha pikipiki hadi gia ya mwisho, mafuta yote, ndani ya chumba cha mabati, na sikusonga hata hatua moja.

Mama mmoja wa kanisa alikuwa anapita nje. Alichungulia, akaona tairi la nyuma linazunguka kama limerukwa na akili na mimi nimekaa palepale, akaanza kukemea pepo. Alikemea kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili, pepo asije akajifanya hakuelewa.

Tumwache kwanza akemee. Niwaeleze nilifikaje huko.

Hii ilikuwa Kitengela, mwaka wa 2006. Naitwa Nasieku, na kazi yangu ilikuwa kuchanja mbuzi. Mradi mmoja wa pale Kajiado ulinipa pikipiki na sanduku la barafu nizunguke maboma ya nyuma ya Isinya. Ugonjwa wa mapafu, ule tunaouita olkipei, ulikuwa unamaliza mbuzi wa watu.

Chanjo haitaki joto. Barafu ikiyeyuka, hiyo dawa ni ya kumwaga.

Sasa, mwanamke wa Kimaasai juu ya pikipiki, miaka hiyo, alikuwa sinema ya bure. Wanaume walikuwa wanatoka hotelini na vikombe vya chai mkononi ili kuniangalia. Mtu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli ananifundisha kubadilisha gia kutoka ng'ambo ya barabara.

Niliwadharau, na sikuwaficha.

Bwana yangu, Moses, hakuwa wa kusimama barabarani. Yeye alikuwa broka wa mashamba. Kitengela ya wakati huo, kila mwanaume mwenye shati la pasi na simu mfukoni alikuwa broka. Anapeleka wageni wa Nairobi kwa wazee wetu, shamba linapimwa, na mzee anabaki na nyumba ya mabati katikati ya fensi za watu.

Tulikuwa tunagombana kuhusu hiyo kazi. Lakini alikuwa baba wa mtoto wangu, Naeku, nikavumilia.

Siku moja akaja nyumbani na tabasamu.

"Mama Naeku, niko na zawadi yako. Nimeongea na Muteti, atakufungulia pikipiki."

Tangu harusi yetu Moses hakuwa amewahi kuninunulia hata leso. Nilifurahi kama mjinga.

Muteti ndiye alikuwa fundi mwenye jina kuliko wote Kitengela. Kufungua pikipiki ilikuwa hivi: anatoa kichujio cha hewa anatupa, anakata salensa, halafu anapanua kile kitundu cha mafuta ndani ya kabureta. Hakuna alichopima. Aliinamisha sikio kwa injini, akafumba macho, akatikisa kichwa kama nabii anayepokea ujumbe.

"Imeanza kupumua sasa," akasema. "Skiza hiyo ngurumo, madam. Hiyo ni nguvu."

Wanaume waliomzunguka wakaitikia. Wanaume wa Kitengela wanaamini kelele ni nguvu. Ndiyo maana hata kwa mikutano yao anayeshinda ni yule anayegonga meza.

Nilipoiwasha, mbwa wa mtaa mzima walibweka. Naeku aliziba masikio.

Na hapo ndipo shida yangu ilianza.

Pikipiki ikawa inakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka Namanga kwa miguu. Nikifika kwenye mchanga na sanduku liko nyuma, inakohoa. Nikipanda kilima kidogo, inakufa. Nafungua plagi, nakuta ni nyeusi kama sufuria ya kijijini. Nasukuma, nasafisha, nawasha tena.

Nikifika bomani, hakuna mbuzi hata mmoja.

"Umechelewa, Nasieku. Mbuzi zimeenda malishoni."

Boma la pili ni vilevile, la tatu ni vilevile. Narudi jioni na sanduku la maji ya uvuguvugu na chanjo ya kumwaga. Mambo yakaenda hivyo kwa wiki nyingi, na huko nyuma mbuzi wanazidi kufa.

Bosi wangu, Madam Evalyne, aliniita ofisini Kajiado. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Nasieku, mimi nimekutetea mpaka sasa sina maneno. Ijumaa uende Isinya. Ukirudi na hiyo dawa tena, uache pikipiki hapa. Iko na mwanaume anaitaka."

Mwanaume anaitaka. Niliumia. Hiyo pikipiki ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa jina langu pia. Nikiipoteza, wale wa vikombe vya chai wangecheka mpaka wajimwagie.

Nikiwa narudi, ikazima nje ya karakana moja karibu na barabara ya Athi River. Akatoka Mzee Munguti. Zamani alikuwa anatengeneza pikipiki za mashindano, na alikuwa na kiburi ambacho sijawahi kuona kwa mtu mwingine.

Aliizunguka pikipiki yangu mara moja.

"Nani alikufanyia huu upuzi?"

"Muteti."

"Alipima na nini?"

"Sikio."

"Mimi pia niko na masikio," akasema. "Huwa naning'iniza miwani."

Nikampenda papo hapo.

Ndani ya karakana yake kulikuwa na mashine inaitwa dyno. Ni ngoma kubwa ya chuma iliyofukiwa sakafuni. Tairi la mbele linabanwa, pikipiki inafungwa mikanda kushoto na kulia, na tairi la nyuma linakalia ile ngoma. Ukivuta mafuta, tairi linazungusha ngoma, na kompyuta inachora mstari wa nguvu yote unayotoa. Pikipiki inakimbia bila kwenda popote.

Kabla ya kuwasha, Munguti aliniuliza maswali ambayo Muteti hakuwahi kuniuliza. Unabeba nini? Uzito gani? Unapita mchanga au lami? Unatumia gia gani zaidi?

"Kila mtu anakuja hapa ananiambia anataka spidi," akasema. "Unaenda na spidi wapi, na mbuzi inakungojea kwa mchanga?"

Ndipo nikapanda, nikavuta mafuta yote, na yule mama wa kanisa akaanza kazi yake pale mlangoni. Munguti hata hakugeuka.

"Mwambie pepo atoke baada ya gia ya tano," akaniambia.

Kisha akanionyesha mstari. Ulikuwa umebonyea katikati. Pale chini, mahali ninapopita na mzigo, pikipiki yangu ilikuwa dhaifu kuliko siku ilipotoka dukani. Injini ilikuwa imejazwa petroli isiyoweza kuunguza.

"Hiyo ngurumo unayosikia ni mafuta yako yanapotea," akasema. "Umekuwa ukichoma pesa ya mradi ndio mbwa wabweke."

Akarudisha kichujio. Akaweka salensa nzima. Akabadilisha kile kitundu cha kabureta, akapima. Akashusha kidogo sindano iliyo ndani ya kabureta, akapima tena. Alirudia mpaka nikachoka kukaa. Mstari ukawa unapanda taratibu, bila shimo, kutoka chini kabisa ninapohitaji nguvu.

"Hii sasa ni yako," akasema. "Imepimwa kwa mzigo wako na njia yako. Usimpatie mtu."

Nilipita kwa Muteti makusudi. Pikipiki ilikuwa imetulia, hata mazungumzo yao niliyasikia nikiwa juu yake.

"Ai, madam, hiyo imekuwa cherehani," Muteti akasema, na kundi lake likacheka.

Nilivuta mafuta kidogo tu, nikawaachia vumbi.

Ijumaa ikafika. Barafu ilicheleweshwa na mwenye bucha, kwa hivyo niliondoka Kitengela jua likiwa limeshapanda. Nilikuwa nimechelewa kuliko siku zote. Nikasema moyoni, basi, nimemaliza.

Lakini pikipiki ilienda. Mchanga ikapita, kilima ikapanda bila hata kuniomba nishushe gia. Petroli niliyokuwa nikimaliza kabla ya Isinya ilikuwa bado inacheza tangini.

Nikatokea kwenye boma la kwanza, nikazima, nikashangaa.

Mbuzi wote walikuwa ndani.

Bibi mwenye boma, Nalotuesha, alikuwa amekaa mlangoni na kibuyu. Aliruka kama ameona nyoka.

"Takwenya, koko," nikamsalimia kama mjukuu kwa bibi yake.

"Umetoka wapi?" akaniuliza. "Hatukukusikia."

"Koko, leo mbuzi hazijaenda?"

"Zinakohoa tangu wiki jana. Zitaenda wapi?"

"Na zile siku mlikuwa mnaniambia nimechelewa?"

Aliangalia pikipiki, akaangalia lile sanduku. Nilipoona kijana mmoja anakimbilia mlango wa nyuma wa boma kufungulia mbuzi waingie korongoni, nilielewa nusu ya mambo.

"Mlikuwa mnazificha."

"Dawa yako inatoa mimba," akasema. "Mkiisikia pikipiki, toeni mbuzi. Tuliambiwa hivyo."

"Nani aliwaambia?"

"Bwana yako. Alisema yeye ndiye anakulisha, anajua kile unabeba." Akaonyesha salensa kwa fimbo. "Alisema tusiwe na wasiwasi, iko mahali anaipeleka itiwe sauti. Tutakusikia kama tungali tunakamua."

Nilikaa chini, hapohapo kwenye mavi ya mbuzi. Zawadi yangu ya kwanza tangu harusi.

"Koko, mbuzi wako wangapi wamekufa?"

"Wengi."

"Niliwadunga hao?"

"Hapana."

"Na wakishakufa, nani huja?"

Alielekeza fimbo kwa shamba la jirani yake, ambalo lilikuwa na nguzo mpya za fensi mpaka kwenye lami. Jirani alipoishiwa mbuzi, aliuza shamba ili alishe watoto. Mwenye kuleta mnunuzi alikuwa Moses.

"Na mimi ameniambia atakuja Jumatatu," akasema.

Yule bibi akasimama. Akamwita kijana wake kwa ukali, akamwambia afunge mlango wa boma. Tukawatenga wagonjwa, nikachanja wazima wote. Kisha akanitangulia kwa miguu mpaka maboma mengine, akiwaeleza yeye mwenyewe. Barafu ilikuwa bado ngumu nilipotoa chupa ya mwisho. Jumatatu Moses alipoenda na mnunuzi wake, alikuta boma lote linamsubiri, wakarudi walikotoka.

Lakini Ijumaa hiyo jioni alikuwa nyumbani, anakunywa chai. Nikaingia.

"Mama Naeku, sijakusikia ukifika."

"Hata kwa kina Nalotuesha hawakunisikia."

Aliweka kikombe chini polepole. Hakuuliza nina maana gani. Hapo ndipo niliumia kabisa, kwa sababu nilitaka aulize.

"Hiyo ni biashara," akasema mwishowe. "Wewe huwezi elewa."

Nilielewa. Niliangalia lile shati lake la pasi, nikaona mtu mdogo sana. Nikachukua nguo za Naeku, nikampakia mtoto mbele ya tanki, tukaenda kwa mama yangu. Kazi nilibaki nayo, na pikipiki pia.

Wanaume wengi wameniandikia hapa kwenye ukurasa wangu wakiniuliza kama dyno inasaidia kweli, au ni kuwala watu pesa tu. Inasaidia. Peleka pikipiki yako ipimwe kwa mzigo wako na njia yako, uache kuomba ushauri kwa masikio ya Muteti. Utapata nguvu mahali unapoihitaji, na petroli itakufikisha.

Na nyinyi wanawake, mtu akiwanunulia kelele, msikimbilie kusema asante. Ulizeni kwanza ni nani anataka kuwasikia mkija.