Muuguzi Asiyepunguza

Muuza nyanya alimjua muuguzi yule kwa kuvutana naye sokoni. Mama huyo alichagua fungu, akataja bei yake, akasimama. Muuza nyanya akaapa kwamba ni hasara tupu, akajifanya anafunga turubai. Mama yuko palepale, mkoba begani. Mwishowe akauza. Akambandika jina Bei Moja, na tangu hapo akawa anamtengea nyanya nzuri huku akinung'unika.

Msimu huo shemeji wa muuza nyanya, mdogo wa mkewe, alirudi kutoka kupulizia dawa ya wadudu shambani. Pampu ilikuwa imemvujia mgongoni, jasho na mate vinamtoka, mboni zimenywea kama vitobo vya sindano. Mke akaleta maziwa. Muuza nyanya akayasukuma pembeni, akamkimbiza shemeji zahanati, chupa ya dawa mkononi.

"Mvue hilo shati," alisema Bei Moja, akivaa glavu. Akamwosha kwa sabuni, akasoma chupa, akamdunga sindano, akasikiliza kifua, akadunga tena, mpaka kifua kikaacha kutokota.

"Atapona, sista?"

"Ameanza vizuri. Hajamaliza."

Kesho yake shemeji alikuwa amekaa kitandani, anachekesha wodi nzima. Shambani nyanya zilishaiva.

"Sista, nipe mtu wangu akavune. Jioni namrudisha."

"Hapana."

"Basi nusu siku."

"Sumu hii humgeukia mtu akishaonekana mzima, ikaanza kumlegeza shingo, ikamkaba pumzi. Kaka, inua kichwa kwenye mto."

Shemeji akainua, akakonyeza.

"Si unaona? Mzima kabisa huyu."

"Unaniuzia?"

Muuza nyanya akatoka amenuna, lakini alimwacha shemeji wodini.

Siku iliyofuata Bei Moja alimwambia ainue tena, na kichwa kikakataa kuinuka. Wodi ilidhani ni mzaha. Pumzi ikawa fupi. Bei Moja akamfunika barakoa, akaanza kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, gari likaitwa. Alipochoka akamkabidhi muuza nyanya, aliyekuwa amekuja kumtazama shemeji.

"Minya polepole, baba. Hapa hakuna haraka ya soko."

Akaminya njia nzima, hadi hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia. Nyanya karibu zote zikaozea shambani.

Shemeji alirudi amekonda, sauti inakwaruza. Bei Moja alipokuja sokoni, muuza nyanya akamjazia mkoba.

"Chukua tu, mama."

"Nimeomba bure? Nimetaja bei."

Akalipa. Muuza nyanya akapokea bila kubisha. Msimu wote ulikuwa umempotea. Shemeji alikuwa pale kando yake, anamwongezea mama nyanya ngumu za juu kabisa, bila kumwuliza mwenye mali.