Mama Asiyegomba

Baba alinyamaza tangu tulipomzika mama. Sisemi alikuwa bubu. Salamu aliitikia, msikitini alikwenda, chai ikipoa alisema imepoa. Lakini lile neno "mama yenu," ambalo zamani alilitumia kuliko jina lake mwenyewe (muulizeni mama yenu, mama yenu kasemaje, hayo anayajua mama yenu), lilikatika kabisa. Sisi watoto tukimtaja marehemu, yeye anaangalia pembeni, anatafuta kofia yake, anatoka. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Kilosa, kwa hiyo ukimya ule niliula mimi, asubuhi na jioni. Uliniudhi, nisiseme uongo. Na uliniogopesha zaidi ya kuniudhi, maana nimeshaona wazee waliofunga mdomo kwa namna ile, na haukupita muda wakafunga na macho.

Basi nikaamua kumwandika mama, nimsomee baba, huenda mdomo ungefunguka.

Nina stationari ndogo karibu na soko. Napiga chapa, natoa kopi, nakata picha za pasipoti. Miaka yote nimepiga chapa maneno ya wenzangu: barua za kuomba kazi, risala za harusi, wasifu wa marehemu. Wapo pia waliokuja na mashairi na hadithi, wakiziingiza kwa aibu kama mtu aliyeleta nguo ya ndani kwa fundi cherehani. Siku moja nikawaambia, jamani, kwa nini msikutane mkasomeana, mkaacha kunisomea mimi peke yangu wakati wino unaniishia? Hivyo kikundi kikaanza. Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye chumba cha mikutano cha ofisi ya kata, ufunguo ukipatikana. Yupo mwalimu wa sekondari anayeandika mashairi ya mapenzi ambayo mkewe hajayaona. Yupo mkulima wa mpunga kutoka Magole anayeandika riwaya ya upelelezi, na maiti zake zote zinaokotwa shambani. Na yupo nesi mstaafu, mama mmoja wa milimani, ambaye huandika kidogo na kukohoa sana.

Mwaka jana tulipata warsha. Mwezeshaji alitoka Morogoro, kijana nadhifu, na kalamu zake za rangi na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Alitufundisha mengi na mengine yametufaa. Kuhusu kukosoana alisema hivi: mwenzako akimaliza kusoma, anza kwa kumsifu, kisha mwambie kwa upole kinachopungua. Tukaitikia wote. Alipoondoka tukabaki na nusu ya kwanza.

Si kwamba tulikuwa wanafiki. Ni malezi. Mtu umemwamkia shikamoo mlangoni, ukainamisha kichwa, kakuitikia marahaba, mwanangu. Dakika kumi baadaye utaanzia wapi kumwambia shairi lake limelala? Na mdogo naye utamwambiaje, wakati mama yake ndiye jirani yako na kesho mtakutana kisimani? Kwa hiyo kila aliyesoma alipigiwa makofi. Umetugusa. Umetutoa mbali. Mungu akuzidishie. Wazee walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi pale ofisi ya kata tulifikia kunywa maji matupu, tukaambiana tumelewa.

Hapo ndipo nilipomsoma mama kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na siku ya usomaji inakuja, Mikumi, ambapo waandishi wa huku kwetu na wale wa Mikumi na Ruaha wangekutana, kila mmoja asome kazi moja, na ndugu wakaribishwe. Nilishapanga kumpeleka baba. Nikaandika kwa jasho. Mama yangu wa kwenye karatasi alikuwa na sauti ya upole, hakuwahi kumkaripia mtu, alitabasamu kwenye dhiki, mikono yake ilikuwa laini hata msimu wa kulima. Nilipomaliza, mwalimu alikuwa anapenga kamasi. Yule mkulima alisema, "Dada, umenikumbusha mama yangu." Mwingine naye akamkumbuka wake. Wote walikumbuka mama zao. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, sikujiuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwona wangu.

Nesi peke yake hakusema kitu. Alikohoa, akatazama dirishani.

Jioni ile ile nilimkuta baba barazani na redio yake. Nikamwambia nina kitu nataka akisikie. Akazima redio, na hilo pekee lilikuwa jambo, maana ilikuwa saa ya taarifa ya habari. Nikasoma mpaka mwisho, taratibu, nikimchungulia. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Huyo mama ni wa nani?"

Yarabi! Nikafikiri akili ya mzee inaondoka. Nikamwambia, "Baba, si mama huyo? Si mama yetu?" Akautazama uwanja, akachukua kofia yake, akatoka. Nililia siku ile. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani.

Jumamosi iliyofuata nikawaeleza wenzangu. Wakanipa pole, wazee husahau, mwombee. Nesi akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamkaba.

Hapa lazima niseme kwamba yule nesi ni mtani wetu. Yeye wa milimani, sisi wa bondeni. Yeye Mwanglikana, sisi Waislamu, na makabila yetu ni watani tangu kwa mababu. Mama alikuwa rafiki yake na mtani wake, na walikuwa wakiitana "mtumwa wangu" sokoni mbele za watu, wageni wakashtuka. Mimi humwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mzee yeyote, naye huitikia marahaba kwa adabu zote. Baada ya hapo hana mpaka.

"Mzee wako ana akili kukushinda," akaniambia. "Na mimi nilitaka kuuliza hivyo hivyo. Huyo mama ni wa nani?"

"Kwa nini hukusema wiki ile?"

"Si yule kijana wa Morogoro alisema tuanze na sifa? Nilikuwa bado natafuta cha kusifu."

Mwalimu alijaribu kumtuliza. Aka! Nani amtulize mtani? Alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Mtumwa wangu mimi nilimjua. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Mikono laini? Mikono yake ningeweza kusugulia sufuria. Alifukuza kuku, alifukuza watoto, alimfukuza diwani aliyemkanyagia uwanja na kampeni zake. Wewe mtoto wa mtumwa wangu umemuosha mama yako mara ya pili, umemvika sanda ya pili, halafu unashangaa mumewe hamtambui!"

Mimi nilitaka kumrushia kiti. Kisha nikakumbuka msiba, kitu ambacho nilikuwa nimekiacha nje ya maandishi makusudi, kwa sababu kiliniudhi. Siku ya mazishi, wanaume wamekwenda makaburini, yule nesi aliingia chumbani, akatoka amevaa kanga ya mama na fagio la mama mkononi. Akasimama katikati ya uwanja, kati ya wanawake waliokuwa wanalia, akapaza sauti ile ile ya marehemu: "Viatu! Nani huyo kanikanyagia uwanja wangu na viatu?" Wanawake walicheka huku machozi yanawachuruzika. Wengine wakavua kandambili kweli. Ndiyo kazi ya mtani msibani, najua, nimeiona tangu utoto. Lakini aliyekufa alikuwa mama yangu, nami sikutaka kucheka. Kumbe siku ile nzima, kati ya wote waliomsifu, ni mtani tu aliyemleta mama uwanjani.

Tangu hapo kikundi kina desturi yake, na sijui kama mwezeshaji wetu angeikubali. Mtu akisoma, kwanza tunamtafutia mtani. Kabila likikosa, tunatafuta kwa ukoo, kwa babu na mjukuu, hata kwa shemeji. Huyo ndiye anayefungua mjadala, na hanuniwi na mtu, maana utani hauna kesi. Mwalimu aliambiwa na mtani wake kwamba mapenzi yake yana harufu ya chaki. Akanuna wiki nzima, akarudi na shairi lililotufanya wote tuangalie chini. Sasa tunaandika. Zamani tulikuwa tunapongezana.

Nikaanza upya. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, fundi wa njia, na jioni alirudi na mabuti yake makubwa yenye matope na kokoto zilizonasa kwenye soli. Mama alikuwa amefagia uwanja mpaka mistari ya fagio inaonekana. Alikuwa jikoni, hamwoni, lakini anasikia. "Baba watoto! Viatu!" Naye baba, akiwa tayari yupo katikati ya uwanja na mabuti yake miguuni, anajibu kwa sauti ya mtu mwema, "Nimeshavua." Na mama kutoka jikoni, "Muongo! Nasikia kokoto zinatembea!" Kila jioni ya Mungu, wageni wawepo wasiwepo. Sisi watoto tulijua hiyo ndiyo saa ya kunawa mikono. Niliandika hayo na mengine: alivyonichapa kwa mwiko, alivyomnyima jirani chumvi kisha akampelekea sahani ya wali, alivyougua akawa anawagombeza hata manesi kwa kutandika shuka vibaya. Nilipoandika hilo la mwisho ilibidi niende nje nikanawe uso. Nilikuwa nimemkumbuka sana. Yule wa kwanza, mpole, hakuwahi kunitoa chozi.

Kaka yangu wa Dar akapata habari, akapiga simu. "Marehemu hasemwi. Unataka watu wa Mikumi wajue mama alikuwa mgomvi?"

Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulikimbilia Dar kukwepa mwiko wake, leo unamtetea?" Akakata simu. Lakini maneno yake yalinikaa. Baba je, akiona nimemvua mkewe nguo mbele za watu? Kama aliondoka barazani kwa sababu ya maneno matamu, haya makali yatamfanya nini? Ningeweza kuupoteza hata ule uitikiaji wa salamu. Sikumsomea nyumbani. Nilikosa ujasiri, nikajiambia yatakayotokea yatokee huko huko.

Siku ya Mikumi baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi, koti juu, na viatu vyeusi alivyovipiga rangi mwenyewe tangu alfajiri. Tukapanda basi. Vumbi likaingia, akafunga dirisha. Ukumbi ulikuwa wa nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yanapita pale pale, na msomaji alilazimika kusubiri lori limalize kunguruma ndipo aendelee na kifo cha shujaa wake. Nilimkalisha baba mstari wa mbele. Nesi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa ajili ya kikohozi chake.

Zamu yangu ilipofika nikasimama mbele. Nikasalimia, nikaanza na uwanja na mistari ya fagio. Baba alikuwa ameinamisha uso, anatazama sakafu. Nikaendelea na reli, na jioni, na harufu ya mchicha unaokaangwa. Lori likapita, nikangoja. Kisha nikasoma kwa sauti ya mama, ambayo sikujua kama ninayo mpaka iliponitoka:

"Baba watoto! Viatu!"

Nikavuta pumzi nisome mstari unaofuata. Sikuwahi kuusoma.

"Nimeshavua," baba akajibu.

Alijibu kwa sauti ile ile ya zamani ya mtu mwema, bila kuinua uso. Watu wakacheka, wakadhani tumepanga. Mimi nilisimama na karatasi yangu. Na kule nyuma, mlangoni, nesi akapaza sauti, hakungoja ruhusa ya mtu:

"Muongo! Nasikia kokoto zinatembea!"

Ukumbi ulilipuka. Baba naye akacheka. Sikuwa nimeusikia ule mcheko tangu kabla mama hajalazwa, na ulianza mdogo, ukamtikisa mabega, kisha ukageuka, akawa analia waziwazi bila kujifuta. Hakuna aliyejua atazame wapi. Akainama. Akafungua kamba za kiatu cha kwanza, akakivua, akafungua za cha pili. Akavipanga pamoja chini ya kiti, visigino vimeelekea ukutani, kama mama alivyotaka. Akabaki na soksi zake kwenye sakafu ya saruji.

Nikamuuliza kama tutoke nje kidogo apumzike.

"Endelea kusoma," akasema. "Mama yenu hapendi kukatizwa."

Nikaendelea.