Elise Aliyeona Maji Kabla ya Kununua Kiwanja

Saa moja asubuhi, katika mtaa mmoja wa Kolwezi, kusini mwa Kongo, unaopakana na mgodi, Ntumba Elise anashona sketi ya shule. Mguu wake haukomi kwenye cherehani. Majirani watatu wamemzunguka, wakisubiri awaonyeshe ramani kwenye simu yake.

"Mungoje nimalize mushono huu," anawaambia akicheka.

Elise ana miaka arobaini na miwili. Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai, kama wazazi wake, walipofukuzwa Katanga, mkoa wa Kolwezi wakati ule, alipandishwa treni ya kwenda Kasai akiwa na miaka kumi. "Habakutuuliza kama tunataka kwenda," anasema. "Balitupakia tu."

Alirudi ukubwani, akaolewa na Badibanga, wakajenga mtaani hapa. Sasa mgodi unapanuka na mtaa mzima lazima uhame. Bei ya kobalti nayo ilianguka, na ghala la madini alikofanya kazi mumewe likafungwa. Fidia yao, dola elfu nne, inatosha kiwanja na kijumba. Hakuna nafasi ya kukosea.

Mwezi Agosti dalali aliwapeleka kuona kiwanja kando ya barabara ya Fungurume: tambarare, kikavu, bei nafuu. Badibanga alitaka kulipa siku ileile.

Elise alikuwa na simu mpya, aliyoinunua shingo upande baada ya binti yake Tatiana kumsihi, ili aone mitindo ya nguo. Jioni hiyo Tatiana alimfungulia ramani ya picha za setilaiti, akamfundisha kurudi kwenye picha za miaka ya nyuma. Walipofika Machi ya mwaka juzi, pale penye kiwanja palikuwa na maji ya kahawia matupu.

"Mi sikungoja," anasema. "Nikaita bwana yangu: Tata, kuya uone."

Badibanga hakuamini. Kesho yake walirudi, wakamuuliza mama mmoja anayeishi jirani na pale. Aliwaonyesha alama ya maji ukutani mwake, usawa wa kiuno.

Habari ikaenea. Familia saba zimeshakataa viwanja vya bondeni.

Elise amepata kingine, mwinukoni upande wa Mutoshi. Picha za miaka sita zinaonyesha pakavu. Hata hivyo hajalipa. Mwenye kiwanja amekubali kumsubiri hadi mvua za kwanza.

"Picha niliona," anasema, macho yakimng'aa. "Sasa mi nataka kusimama pale, mvua ininyeshee, nione mayi inaenda wapi."