Vumbi la Mbao na Pua ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi seremala Mafinga kwa zaidi ya miaka thelathini. Karakana yake ilikuwa ya mabati, nyuma ya nyumba, na ndani yake alifanya kazi na binti yake wa kwanza, binamu yangu ambaye tunalingana umri. Watu walipita kumtazama mwanamke anayepiga randa. Mjomba hakuwajali. Alisema mkono wa binti yake umenyooka kuliko wake.

Alipoanza kutoka damu puani, kila mtu alijua sababu: vumbi la mbao. Kisha sikio moja likaziba, halafu ukaota uvimbe shingoni, chini ya taya. Hata kabla ya kwenda hospitali alifunga karakana kwa kufuli na kumkataza binti yake asiingie tena. "Limeniua mimi, inatosha," alimwambia. Binamu yangu akaanza kuuza mitumba, kazi asiyoipenda wala kuiweza.

Mimi nafanya kazi maabara, Mbeya. Tunapokea vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa wa mikoa ya jirani, vingi vya shingo ya kizazi, vikiwa vimegandishwa ndani ya nta. Navikata vyembamba kuliko karatasi, navilaza kwenye slaidi za kioo, na daktari akitaka, natafuta virusi ndani yake. Tunatumia kitu tunachokiita probu: kipande kifupi cha vinasaba, kilichotengenezwa ili kishikamane na vinasaba vya kirusi fulani na si kitu kingine. Kikishika, baada ya kutia rangi, viini vya seli vinakuwa bluu iliyokoza. Kisiposhika, unaona wekundu mtupu.

Asubuhi moja nilifungua kifurushi kutoka Iringa nikakuta jina la mjomba kwenye fomu. Nilijua anaumwa; sikujua kwamba kipande chake kingeletwa kwetu. Nikampelekea fomu daktari wetu wa patholojia.

"Huyu ni mjomba wangu," nikasema.

Aliisoma, akanirudishia. "Wewe andaa slaidi kama za wengine. Kusoma nitasoma mimi."

Alipotazama slaidi ya kwanza kwa hadubini aliona saratani, lakini seli zilikuwa zimepoteza umbo, hazikusema zimeanzia wapi. Kuna saratani mbili zinazofanana namna hiyo na tiba zake si moja. Akaniomba probu ya kirusi kinachoambatana na moja kati ya hizo. Kirusi kikionekana, ingekuwa ile ya nyuma ya pua, ambayo husikia mionzi.

Hakuna kilichoshika. Lakini kila mara tunaweka slaidi ya pili ya mgonjwa huyohuyo yenye probu nyingine, kuhakikisha kwamba vinasaba vyake mwenyewe bado ni vizima. Nayo, ambayo ilipaswa kuwa bluu, ilikuwa nyekundu tupu. Nyama ilikuwa imechelewa kutiwa formalini, dawa ya kuihifadhi, ikaharibika. Nilirudia kesho yake, ikawa vilevile. Daktari akaandika kwamba kipimo hakisomeki, akaomba kipande kingine.

Mjomba akakataa. Binamu yangu alinipigia simu. "Anasema mara ya kwanza damu ilitoka siku mbili. Ongea naye wewe." Akampa simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Kumbe ni wewe unayenikatakata huko?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka nyingine ya nini?"

"Ile ilifika imeharibika. Nikikwambia hamna kitu nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia kipo, vilevile."

Nilimsikia akihema kwa mdomo, maana pua ilishaziba kabisa. "Ubao ukioza, huwezi kusoma nyuzi zake," alisema mwishoni. "Haya. Nitakwenda."

Kipande cha pili kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Siku niliyokikata nilivunja slaidi moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka. Rangi ilipokauka nilitakiwa kumsubiri daktari. Sikumsubiri. Viini vilikuwa bluu, ukingo hadi ukingo, na ile slaidi ya pili nayo safari hii ilikuwa sawa. Nilichohisi kwanza ni kuridhika na kazi: rangi safi, probu imeshika vizuri. Ilichukua muda kidogo kukumbuka ni nyama ya nani.

Daktari alisoma, akasaini, majibu yakaenda Iringa. Wiki iliyofuata mjomba alinipigia mwenyewe.

"Wananiambia ni kirusi. Nimekipata wapi?"

"Karibu kila mtu anacho, mjomba. Tunakipata utotoni, kwa mate. Hata mimi pengine ninacho. Kwa wengi kinalala tu maisha yote."

"Changu kimeamshwa na nini?"

"Hilo hatujui."

"Kwa hiyo si vumbi."

Nilitamani kusema si vumbi. Lingekuwa jibu jepesi, naye alikuwa analisubiri. "Siwezi kukuapia," nikasema. "Vumbi la mbao si zuri kwa pua ya mtu yeyote. Ila uvimbe wako una kirusi, na kirusi hakitoki kwenye mbao."

"Basi binti yangu nimemfungia karakana bure."

"Mfungulie. Avae barakoa, na madirisha yawe wazi."

"Karakana haina madirisha."

"Akate."

Alipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi na dawa za kutiwa kwenye mishipa. Mate yalikauka, chakula kikapoteza ladha, akarudi amekonda hata mkanda ukahitaji matundu mapya. Uvimbe wa shingo uliyeyuka. Sasa ni mwaka wa tatu na vipimo havijaonyesha kitu, ingawa sikio lile halijazibuka sawasawa. Binamu yangu alitoboa madirisha mawili na anatengeneza madawati ya shule.

Mwezi uliopita nilipitia kwao nikielekea Iringa, tukala pamoja mchana. Mjomba alikula polepole, akisukuma kila tonge la ugali kwa maji.

"Ile nyama yangu," aliniuliza, "mliitupa?"

"Hapana. Ipo kabatini, ndani ya nta yake. Tunavitunza vipande vyote."

"Kwa muda gani?"

"Miaka mingi."

"Sawa," akasema, kisha akamwomba binti yake amwongezee mchuzi.