Mama Sumitra Aliyeacha Maziwa

Mume wangu alinifukuza nyumbani kwetu Kabuchai mwaka 1983 kwa sababu ya firigisi. Kwa mila yetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma, na alidai nimeila. Aliyeila ni paka. Lakini mke mwingine alikuwa ameshajengewa nyumba, kwa hiyo firigisi ikatosha kuwa kesi. Wazee wa ukoo walinyamaza. Sijawasamehe.

Nikapata kazi ya jikoni Kitale, kwa mjane Mhindi mwenye duka la vitambaa, Mama Sumitra.

"Nyama, samaki, yai, hapana ingia hapa," aliniambia siku ya kwanza.

"Hata kuku?"

"Kuku alikufanyia nini wewe?"

Kama ningeanza kumweleza, jua lingetua.

Alikuwa na miaka sitini na miwili, na alipanda ngazi na jora la kitambaa begani bila kuhema. Mimi wa thelathini na minane nilipumzika katikati, kwa presha. Nilikula alichokula: dengu, ndengu za kijani, mboga, chapati, maziwa ya mgando. Mwaka mzima nilimsengenya kwamba anakula kama sungura. Kisha presha yangu ikashuka, na tumbo lililokuwa likifunga siku nne likafunguka. Nikafunga mdomo.

Mwaka 1986 bintiye, Jaya, aliharibikiwa na mimba ya tatu. Kwao mtu akiomba jambo zito huacha anachokipenda. Mama Sumitra akaapa hatagusa maziwa wala samli mpaka ampakate mjukuu. Chai akanywa ya rangi.

Miaka minne ilipita. Akapauka, ulimi ukawa mwekundu na laini, akawa anatembea ameshika ukuta. Asubuhi moja niliona damu sakafuni.

"Mama, umekanyaga pini!"

"Wapi?"

Ilikuwa imezama kisiginoni, na hakuisikia.

Daktari alisema damu yake imekosa vitamini B12, ambayo haimo kwenye dengu wala mboga. Wasiokula nyama huipata kwenye maziwa, na yeye ameyaacha. Asipoyarudia, miguu itakufa kabisa.

"Mjukuu kwanza," akajibu.

"Utampakataje ukiwa umelala kitandani?" nilimfokea.

"Fokea Mungu, Mama Lenah. Mimi nimeshasema naye."

Nilikasirika, maana najua sheria ya chakula inavyoweza kumvunja mtu. Ila ile ya kwetu mwanamume alimwekea mwanamke. Huyu alijifunga mwenyewe, kwa ajili ya mwanawe. Sijaona mwingine kama yeye.

Kesho yake nikarudi kwa daktari peke yangu.

"Hakuna dawa isiyo maziwa?"

"Sindano ipo."

"Imetoka kwa ng'ombe?"

Akacheka. "Hapana. Inakuzwa kiwandani, kama hamira. Kwani wewe ni wa dini yao?"

"Mimi ni Mbukusu. Niandikie barua useme hivyo hivyo."

Barua hiyo Mama Sumitra aliisoma mara tatu. Kisha akakunja mkono wa blauzi.

Alichomwa siku moja baada ya nyingine, halafu kila mwezi. Rangi ilirudi kwanza. Miguu ilichelewa. Mwezi wa tano wa sindano nilikuwa naunga dengu niliposikia yowe dukani.

"Uuui! Nani ameacha pini hapa?"

Nilikimbia nikamkuta ameshika kisigino, machozi yanamtoka, anacheka. Dengu ziliungua zote, na siku hiyo tulikula chapati na chai ya rangi.