Jambia la Wekesa

Niliondoka Kinoo asubuhi na jambia la babu la vitani nimelifunga kwa taulo. Westlands kulikuwa na maonyesho ya silaha za askari wa zamani, nami nilitaka jina la babu lionekane humo. Limegongwa kwa nukta kwenye bapa: WEKESA. Ndilo jina langu pia.

Westlands, mwenye maonyesho, Bwana Sandhu, alinipa chai kwanza, kisha akashika kioo chake cha kukuzia. Alikawia. Akanionyesha kwamba nukta zilikaa juu ya mikwaruzo ya kunolea. Jina la wakati wa vita lingekwaruzwa pamoja na chuma.

"Jambia ni ya ukweli," akasema. "Lakini hii jina iliwekwa baadaye, nyumbani. Wauzaji hufanya hivyo ndio bei ipande. Niachie nitoe na msasa, halafu tuiweke."

"Utoe jina?"

"Jina ni ya uongo, bwana."

Nilimwambia asiliguse, nikalichukua jambia, nikatoka. Chai sikuimaliza.

Adams Arcade, nyuma ya maduka, ndiko anakoishi Shangazi Nasimiyu. Huniita Baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. Alinisikiliza akicheka mpaka nikaudhika, akaingia jikoni, akatoka na sufuria kubwa iliyoungua. Ukingoni: WEKESA, kwa nukta zile zile, W ile ile iliyolala ubavu.

"Ni mama huyo, Baba. Msumari na nyundo. Kukiwa na matanga vyombo vyote vinaazimwa, na vingine havirudi. Hiyo kisu ndiyo ilikuwa inakata nyama. Unafikiri angeiacha bila alama?"

Kumbe! Nikaibeba sufuria vile vile na masizi yake.

Westlands tena, alasiri, niliitua juu ya kabati la vioo. Bwana Sandhu alilinganisha herufi, akaguna.

"Msumari moja, mkono moja. Sawa, jina si ya wauzaji. Lakini ni ya jikoni. Hapa ni mambo ya askari."

"Basi andika kwamba mke wa askari aliliandika ili jambia lirudi nyumbani."

"Hiyo siwezi. Bila jina, nachukua."

"Bila jina, huchukui."

Nilimrudishia Shangazi sufuria yake, na jioni nilikuwa Kinoo. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunithibitishia jina letu. Sitamwuliza mtu tena. Nyanya aliligongea jambia msumari ili liende na kurudi, na limerudi.

Jumamosi kuna matanga kwa jirani. Nimemwazima jambia, na nimemwambia asome jina kwanza.